Yadi Sita za Bafta

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, mvua imekatika.
Mteja aliyenifungulia mimba hakuuliza bei.
Perpetua Sekimanga: beji ya Umoja wa Wamama
ameipachika kifuani juu chini.
"Bafta," akasema, "ya kutandika ndani ya sanduku.
Yadi sita. Kaka yangu Erasto alikuwa mrefu,
miguu ikitokea nje ya kitanda."

Nikapima kwa chuma alichoniachia Jayantilal,
mwenye duka wa zamani, ambaye kila asubuhi
alizungusha kijiti cha udi mbele ya picha ya mungu wake,
na noti ya kwanza akaigusisha machoni.
Mimi husoma Bismillahi kimoyomoyo.
Chuma kimesikia yote mawili miaka thelathini
na yadi bado ni inchi thelathini na sita.
(Alipokufa, wanawe walinunua kwa pesa taslimu
nguo ya dukani mwao wenyewe. Akaingia nayo motoni.
Nilipunguza shilingi mia, sijui kwa nini.)

Sijaandika daftarini, akaingia Mwinjuma wa Pongwe,
viatu vimeshika tope jekundu.
"Nguo tatu za mwanamume, pamba, karafuu maiti.
Dada yangu keshakaa eda, nimetumwa mimi.
Ni shemeji Idrisa, fundi baiskeli.
Pima kwa kuzidisha, alikuwa mrefu,
miguu ikitokea nje ya kitanda."

Mkasi ukakwama katikati ya nguo.

Walikutana Bombo, mlangoni mwa chumba cha maiti:
huku cheti cha ubatizo cha Magila, kingo zimeliwa na mende,
huku mashahidi wawili waliomsikia akitoa shahada
siku ya ndoa, mmoja wao ana kigugumizi.
Mwenye funguo akawauliza, mnamtaka nani?
Erasto.
Idrisa.
Kwenye kidole gumba cha mguu kibandiko kiliandikwa:
Mwanamume. Miaka arobaini na minne. Baiskeli.

Mimi nilikuwa na jina la tatu, nikalimeza.
Mbelwa, la babu yake wa Kibondei,
ndilo alilojiita mwaka juzi, dukani hamna mtu,
aliponong'ona: kaniki yadi moja, bendera yadi moja,
bafta yadi moja. Na ubani. Na chupa ya marashi.
Mtoto hasimami, akasema, na miaka mitatu imepita.
Kesho yake alfajiri akashika njia ya mapangoni, Amboni.
Hospitali nako walikwenda. Dua nayo ilisomwa.
Perpetua kwa upande wake alifunga siku tisa.
Leo mtoto anakimbiza matairi mabovu barabarani
na kila mlango unajua ni nani aliyemsimamisha.

Mwenyekiti wa mtaa alihesabu karatasi,
akaipa ushindi ndoa.
Wakamzika Pongwe baada ya alasiri.
Kwaya ilisimama ng'ambo ya barabara,
vitabu vimefungwa, vidole vimebaki ndani ya kurasa.

Jumanne Perpetua akarudisha nguo.
Juu ya kichwa changu ubao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.
Aliusoma. Niliusoma. Nikaipokea nguo.
Nilipoipima ilikuwa pungufu, upana wa viganja viwili.
"Utepe," akasema. "Nilimpa Mwinjuma usiku ule.
Akaniahidi atamfungia miguu."

Kaburini tepe hufunguliwa, ndivyo inavyotakiwa.
Ule sikuuliza kama ulibaki chini
au ulitoka mfukoni mwa nani.
Nikamrudishia pesa za yadi sita kamili.
Bafta nikaikunja, nikaiweka mahali pake,
kati ya kaniki na bendera.